Swali Lisilo na Mlango wa Nyuma

Swali la bungeni likisomwa halizidi dakika mbili. Aliyewasha runinga kwa bahati ataona mheshimiwa kasimama, kasoma karatasi yenye vipengele (a), (b) na (c), kaketi. Waziri naye kasimama, kasoma yake. Hapana ngumi, hapana kelele, na kamera inahangaika kumtafuta anayesinzia viti vya nyuma ili ipate cha kuonyesha. Taarifa ya habari ya jioni itabeba matusi ya aliyezungumza baadaye, na lile swali litabaki ndani ya Hansard, kumbukumbu rasmi ya Bunge, likisubiri mtu wa kulisoma.

Mimi ni mmoja wa wanaozisoma kurasa hizo, na kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyozidi kumstahi anayejua kuuliza. Simsemi mzungumzaji hodari. Hao hatujawahi kuwakosa. Namsema yule mwenye subira ya kukaa na swali moja juma zima, akilipunguza hapa na kuliongeza pale, mpaka libakie na jambo moja tu la kujibiwa: lile ambalo waziri angependa lipite kimya.

Kwa mkaazi wa Mombasa bara, ufundi huu una uzito wake. Kisiwa kimepakana na bara pande tatu. Kisauni hufikiwa kwa daraja la Nyali, lililojengwa 1980 kushika nafasi ya lile la kuelea la 1931. Changamwe hufikiwa kwa Makupa. Likoni ina feri. Daraja la kuelea la Liwatoni, lililoanza kutumika mwanzoni mwa 2021 baada ya kugharimu karibu shilingi bilioni 1.9, lilijengwa kwa waendao kwa miguu na kwa saa za msongamano, na lazima lifunguke meli zipite. Takwimu inayotajwa kila mara feri inapozungumziwa ni abiria wa miguu 300,000 na magari 6,000 kwa siku, kwenye mkondo wa maji usiozidi sana nusu kilomita, ambao ndio huohuo njia ya meli zote zinazoingia Kilindini.

Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na ufuko, na watu 272 wakafa, wengi wao wakienda kazini. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilirudi nyuma likateleza kutoka MV Harambee, likazama na mama na mwanawe, na nchi nzima ikakaa karibu wiki mbili ikitazama wapiga mbizi wakilitafuta. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, polisi waliwapiga watu na kuwarushia vitoa machozi hapo kivukoni, watu ambao kosa lao lilikuwa kutaka kufika nyumbani kabla ya saa moja jioni. Mbunge yeyote wa Likoni, tangu Rashid Shakombo hadi Masoud Mwahima hadi Mishi Mboko, amerithi kivuko hicho pamoja na kiti. Ukichaguliwa Likoni, feri ni yako hata kama hukuitaja kwenye kampeni.

Zamani kuuliza kulikuwa uso kwa uso. Mawaziri walikuwa wabunge, waliketi mle mle ukumbini, na mbunge wa nyuma aliweza kumtazama machoni yule aliyekuwa akimwuliza. Ilikuwa pia kazi ya hatari. Oktoba 1975 Martin Shikuku alisema Bungeni kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama chama cha KANU kilivyouawa. Alipotakiwa athibitishe, Naibu Spika Jean-Marie Seroney akatoa uamuzi kwamba jambo lililo wazi halihitaji uthibitisho. Wote wawili walitiwa kizuizini. Miaka michache baadaye, kati ya lile kundi la wabunge wachanga ambao Charles Njonjo aliwabandika jina la kebehi la dada saba wenye ndevu, wawili walitoka kwetu: Chibule wa Tsuma wa Kaloleni na Mwashengu wa Mwachofi wa Wundanyi. Pwani husemwa ni pole, na pengine ni kweli, lakini maswali hatukuanza jana.

Katiba ya 2010 ikawatoa mawaziri Bungeni. Ibara ya 153 inasema waziri atafika mbele ya kamati atakapotakiwa, na ajibu swali lolote kuhusu jambo lililo chini yake. Imeandikwa vizuri. Tatizo lilikuwa kwenye utekelezaji: kuanzia 2013 mbunge aliuliza ukumbini, na siku nyingine mwenyekiti wa kamati akasimama na barua kutoka wizarani, akaisoma. Ukimpa swali la nyongeza, mwenyekiti anaigeuza barua kutazama nyuma. Nyuma hakuna kitu. Miaka ikapita tukisomewa barua. Desemba 2022 Rais William Ruto aliwaandikia maspika akitaka kanuni zirekebishwe mawaziri waweze kufika ukumbini, na mwaka 2023 wakaanza kuonekana, kwanza Seneti, kisha Bunge la Taifa. Wapo waliosema yalikuwa maonyesho tu, na siku nyingine kweli yalikuwa maonyesho. Lakini swali la nyongeza lilifufuka, na kwa fundi hiyo ndiyo habari.

Tuchukue mfano. Nautunga mwenyewe ili nisimsingizie mtu. Mbunge mgeni, aliyetoka kupigiwa simu na wapiga kura wake waliokwama kivukoni tangu alfajiri, atakaa chini kwa hasira na kuandika hivi: "Je, Waziri anafahamu kwamba wananchi wa Likoni wanateseka sana kwenye feri, na Serikali ina mpango gani wa kuwaondolea mateso hayo?"

Swali hili lina huruma, na halina kitu kingine. Waziri atajibu kwamba anafahamu. Ataongeza kwamba Serikali inayo mipango, tena kabambe. Atataja Daraja la Mombasa Gate, ambalo Japani ilikubali kulikopeshea fedha tangu 2019, na atalieleza kwa dakika nne kana kwamba magari yamekwisha kupita juu yake. Mwulizaji ataketi akiwa ameshukuriwa.

Ataandika tena: "Je, ni lini Serikali itanunua feri nyingine kwa ajili ya Likoni?" Hapa ameingia katika njia waliyoizoea sana wenzetu wa Bunge la Tanzania kule Dodoma, ambako maswali mengi huanza kwa "Je, ni lini Serikali ita…" na majibu huanza kwa niaba ya waziri fulani na kuendelea kama ifuatavyo. Nimesoma mengi ya namna hiyo, ya Kigamboni na ya visiwa vya Ziwa Victoria, na sina budi kusema kwamba adabu yake inanipendeza. Ila ukiuliza lini, umekwisha kukubali kwamba jambo lenyewe ni la kesho. Waziri ana jibu la siku zote: fedha zitakapopatikana.

Fundi haanzi na kesho. Anaanza na jana, kwa sababu jana imekwisha kuandikwa mahali. Swali lake litakuja hivi: "Kati ya feri zilizotengewa Likoni, ni ngapi zilikuwa zikivusha watu kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi katika kila siku ya kazi ya mwezi uliopita? Kila iliyokuwa gudini iliingia lini, kwa hitilafu gani, na kwa mkataba wa kiasi gani? Na kila iliyokuwa majini ilikaguliwa lini mara ya mwisho, na nani?"

Soma tena uone alichokiacha. Mateso hayamo, kabambe halimo, hata neno wananchi halimo. Kila kitu anachokiuliza kipo kwenye daftari la mtu. Nahodha huandika safari zake. Gudi lina ankara. Cheti cha usalama wa chombo kiko kwa Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, KMA, ambayo kazi yake ni hiyo. Basi waziri amebakiwa na mambo mawili: aseme, au akatae kusema mbele ya watu. Samaki aingiaye kwenye dema huingia kwa raha zake, mdomo ni mpana na chambo kinanukia; akitaka kurudi ndipo anapokuta ncha za fito zimeelekezwa kwake. Hilo la kuelekeza fito ndilo linalochukua juma zima.

Na haliwezi kufanywa na mtu asiyetoka ofisini. Swali kama lile linamtaka mwulizaji awe amezungumza na serahangi, na karani wa tiketi, na mama anayeuza mahamri pale juu ya mteremko ambaye anajua kuliko wizara nzima ni siku gani feri moja tu ilikuwa inafanya kazi. Mbunge anayekuja kivukoni kwa gari la king'ora na kupitishwa mbele hawezi kujua aulize nini. Nimewahi kumsikia kijana mmoja mle ndani ya feri, kifua kwa kifua na mkokoteni wa nazi, akiuliza kwa sauti: "Huu mlango wa mbele mbona hauinuliwi tukiwa katikati?" Hilo ni swali la bungeni kamili, limekosa nambari tu. Baada ya ajali ya 2019 ndilo lililoulizwa nchi nzima.

Kuna tundu moja ambalo waziri mwerevu hulitafuta mapema, na hapo ndipo ninapopenda kukaa na kutazama. Ni Jedwali la Nne la Katiba, linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Watu wengi wa Likoni hushangaa wakiambiwa: sehemu ya pili ya jedwali hilo inazitaja feri miongoni mwa kazi za kaunti, pamoja na bandari, isipokuwa udhibiti wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa. Kumbe kivuko chetu hakijawahi kukaa mikononi mwa kaunti hata siku moja. Kiliendeshwa na kampuni ya mabasi tangu 1937 hadi 1989, kikaenda kwa Halmashauri ya Bandari, 1998 kikawa na shirika lake, Kenya Ferry Services, na miaka ya karibuni kikarudishwa tena bandarini. Umeona kilivyozunguka.

Sasa mtazame waziri asiye na jibu. Taa za kivukoni zimezimika? Taa za barabarani ni kazi ya kaunti. Uchafu? Kaunti. Wachuuzi wameziba njia? Kaunti. Feri yenyewe je? Hapo ni rasilimali ya kitaifa, yenye umuhimu wa kiusalama. Seneta aliyekaa vizuri na katiba yake halalamiki. Anauliza kwa upole: Wizara inaendesha feri ya Likoni kwa mamlaka ya sheria ipi, kifungu kipi, na kama kifungu hakipo, bajeti yake itahamishiwa kaunti mwaka gani wa fedha? Waziri akisema feri ni ya taifa, amebeba lawama zote za mlango usioinuliwa. Akisema ni ya kaunti, ameahidi fedha. Na Seneti ndiyo iliyopewa na ibara ya 96 kazi ya kulinda maslahi ya kaunti, hivyo hawezi kumwambia mwulizaji kwamba hayamhusu.

Seneta wa Mombasa tangu 2017 ni Mohamed Faki Mwinyihaji, wakili kwa taaluma, na ukisoma Hansard ya Seneti utamkuta mara kwa mara akisimama kwa mujibu wa kanuni fulani ya kudumu kuomba taarifa, kwa Kiswahili. Sitaki kumpamba kupita kiasi. Kuna siku maombi yake yalikuwa marefu kuliko yalivyohitaji. Lakini uwakili unaonekana kwenye mpangilio. Anamtaja anayeulizwa, anataja kamati, kisha anataka kamati ieleze jambo moja, halafu la pili, halafu la tatu, kila moja kivyake, ili likikosa jibu pengo lionekane.

Na hicho Kiswahili kina kazi yake. Kanuni za Bunge zinamtaka aliyeanza hotuba kwa lugha moja aimalize kwa lugha hiyo hiyo. Kiswahili kimeruhusiwa Bungeni tangu 1974, Mzee Kenyatta alipoamuru, na Hansard hukichapa kama kilivyosemwa. Waziri aliyezoea kujificha nyuma ya maneno makubwa ya Kiingereza cha wizarani huwa na taabu ndogo anapoulizwa kwa Kiswahili cha Mombasa. Maneno ya kujifichia yapo hata kwetu, hapana shaka: mchakato, mikakati, tathmini yakinifu, wadau. Ila hayana kina. Mtu akisema "mchakato unaendelea", kila bibi wa Mtongwe aliye mbele ya redio anajua kwamba hakuna linaloendelea. Spika wa Seneti tangu 2022, Amason Kingi, alikuwa gavana wa Kilifi na mbunge kabla ya hapo. Mbele yake hapahitajiki mkalimani, na waziri hawezi kutumaini kwamba swali la Kiswahili litapita bila kusikika.

Wengi hudhani swali la kwanza ndilo swali. La kwanza ni la kufungua. Limewasilishwa kwa maandishi, limepita mikononi mwa karani, maafisa wa wizara wamelijibu kwa kurasa kadhaa na kumpa bosi wao asome. Ufundi wa pili unaanza hapo karatasi inapokwisha. Mwulizaji ana nafasi moja, pengine mbili, na sekunde chache. Wengi huzitumia kutoa hotuba. Wanaanza kwa kumshukuru Spika, kumshukuru waziri kwa majibu mazuri, kuwasalimu wanafunzi walioketi ghorofani, na wakifika kwenye swali wamekwisha kukatwa.

Mzoefu anasikiliza. Hilo peke yake ni adimu mle ndani. Chukua Dongo Kundu. Barabara ile ilikamilika 2024, na madaraja yake marefu ya Mwache na Mteza, na sasa gari linaweza kutoka Miritini likafika Kwale bila kukanyaga kisiwa. Ni kazi kubwa na nzuri, na ni haki ya waziri yeyote kuitaja. Basi atataja: msongamano wa Likoni umepungua kwa sababu ya Dongo Kundu. Swali la nyongeza la mtu aliyesikiliza lina maneno machache: "Mheshimiwa Waziri, mwenye miguu anapitia wapi?" Hakuna ubishi, hakuna kejeli. Barabara ni ya magari, na jibu lilikuwa limewasahau wale 300,000.

Kwenye stima na maji kazi inakuwa ngumu zaidi, maana mwenye kujibu hayuko mmoja. Changamwe ina mitambo ya Kipevu inayozalisha umeme. Kipevu III peke yake, iliyoanza 2011, ina takriban megawati 120. Jirani yake ni kile kiwanda cha kusafishia mafuta kilichoacha kazi hiyo 2013. Mkaazi wa pale anauona moshi wa stima kabla ya kuiona stima yenyewe, na taa zikizimika usiku hana wa kumweleza. Kisauni hali ni nyingine. Maji yake mengi hutoka Baricho, kwenye Mto Sabaki, mbali huko Kilifi, na pampu za Baricho hunywa umeme mwingi. Kampuni ya maji ya kaunti inadaiwa na shirika la serikali linalosambaza maji kwa jumla. Shirika hilo nalo linadaiwa na Kenya Power. Deni likizidi stima hukatwa, na imewahi kukatwa zaidi ya mara moja. Mifereji ya Bamburi na Mishomoroni inakauka, na vijana wa mikokoteni wanapandisha bei ya mtungi siku hiyo hiyo.

Ukimwuliza waziri wa maji, atasema stima imekatwa. Ukimwuliza wa kawi, atasema bili haikulipwa. Ukimwuliza gavana, atasema wakaazi hawalipi na bomba la jumla linavuja. Kila mmoja amesema kweli, na kweli tatu zimekaa pamoja bila tone la maji. Nani anaweza kuandika swali la jambo kama hili? Nimeona njia moja inayofaa. Ni kupeleka swali lile lile, neno kwa neno, kwa mawaziri wawili siku moja: deni lilikuwa shilingi ngapi siku stima ilipokatwa, nani alikuwa mdaiwa wake kisheria, na ni kiasi gani kililipwa ndipo ikarudishwa? Halafu mwulizaji anaziweka karatasi mbili sambamba. Zikitofautiana, hana haja ya kusema kitu. Gazeti litasema.

Kitu kimoja ambacho wasiosoma Hansard hawakioni ni kwamba swali zuri huvuta watu wasiojulikana. Kule Uingereza, mbunge Tam Dalyell alikaa miaka akiuliza kuhusu meli ya Argentina, General Belgrano, iliyozamishwa Mei 1982 na watu wengi wakafa: ilikuwa ikielekea wapi ilipopigwa? Alionekana mtu wa kukera, na hata wenzake walimchoka. Mwaka 1984 ofisa mmoja wa Wizara ya Ulinzi, Clive Ponting, akamtumia nyaraka. Ponting alishtakiwa, na Februari 1985 wazee wa baraza la mahakama wakamwachilia. Nyaraka zile zilimfuata Dalyell kwa sababu swali lake lilikuwa bayana kiasi kwamba aliyekuwa na jibu mezani alijua fika kwamba ni yeye anayeulizwa. Nina hakika katika ofisi za Mombasa wako makarani waaminifu, wenye ankara ya gudi na barua ya fundi iliyoonya mapema. Swali la mateso ya wananchi haliwagusi. Swali la tarehe na nambari ya chombo linawagusa begani.

Sisemi swali hujenga daraja. Mtongwe iliwekewa feri tena kwa shangwe Machi 2017, mwaka wa uchaguzi, kisha huduma ikasimama tena, na maswali hayakuirudisha. Ipo pia kinga halali ya mawaziri: jambo likiwa mahakamani, kanuni zinakataza lizungumzwe, na wanasheria wa serikali wanajua hilo vizuri. Mwulizaji huhitaji kuuliza kando ya kesi, gharama badala ya kosa, ratiba badala ya lawama. Wakati mwingine anashindwa tu. Waziri hafiki, amesafiri, ameomba radhi kwa barua, na swali linasogezwa wiki baada ya wiki mpaka muhula wa bunge unakwisha na kila lililobaki linaanguka. Fundi halisi analiwasilisha upya bunge jipya likiketi, na tarehe ya mara ya kwanza ameiacha pale pale juu ili isomwe.

Ugumu mpya ulikuja Agosti 2024, baraza la mawaziri liliposukwa upya. Kipchumba Murkomen, aliyekuwa ameshika Barabara na Uchukuzi na kwa hiyo feri, alikuwa seneta kwa miaka tisa na kiongozi wa walio wengi. Hila zote za swali la nyongeza alizijua kutoka upande wa pili. Akapelekwa Michezo. Nafasi yake akapewa Davis Chirchir, ambaye hadi Julai alikuwa akijibu maswali ya stima. Stima akapewa Opiyo Wandayi, aliyetoka moja kwa moja kwenye kiti cha kiongozi wa wachache Bungeni, kazi yake ikiwa kuuliza. Na Hassan Joho, mbunge wa Kisauni 2007 hadi 2013, akawa waziri wa madini na uchumi wa baharini. Waulizaji wamekuwa waulizwa, na matundu ya kutokea wanayajua yote.

Jibu lao la kwanza huwa moja: nimeingia ofisini juzi, nipeni muda. Mwulizaji mwenye subira humpa waziri muda huo. Muda ukiisha hufungua faili, akasoma kwa sauti ya chini jibu la mtangulizi wake, tarehe yake na ukurasa wake wa Hansard, pamoja na idadi ya feri iliyotajwa siku hiyo. Kisha humwuliza waziri kama wizara yake ingali na jibu hilo. Waziri huinama kumnong'oneza ofisa aliye nyuma yake. Ofisa ndiye aliyeandika jibu la mwanzo, hakuhamishwa, na sasa ndiye anayetafuta karatasi.